Pilipili Zilipomkimbia Metrine

Tulimzika Mama Njoki mwezi uliopita, katika shamba la mwanawe nje kidogo ya Kitale, na wote waliopewa kipaza sauti walimtaja kuwa mama wa maombi, mama wa bidii, mama aliyelisha watu. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mama huyo aliweza kukuvunjisha njiti ya kibiriti ndani ya kitambaa, kwa vidole vyako mwenyewe, kisha akakukung'utia kitambaa na njiti ikaanguka mezani ikiwa nzima. Nilikaa kwenye hema la nyuma pamoja na wapishi, sahani ya wali na njegere mapajani, nikingoja mtu aseme. Nikatambua kwamba huenda kati ya watu wale wote ni mimi peke yangu niliyefundishwa. Basi nitasema mimi, ingawa sehemu nzito ya habari yenyewe haikutokea Kitale, na Mama Njoki hakuwahi kuisikia yote.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ya nyumbani nayaacha nyumbani. Itoshe kusema kwamba shule niliiacha kidato cha pili na tangu hapo sikuwa nimemaliza mwaka mzima chini ya paa moja. Nilikuwa nimepalilia mahindi Matulo, nimeuza mitumba Webuye, nimelea mtoto wa watu Kimilili, na kila mahali nilipoondoka hapakuwa na ugomvi wowote, ila siku moja niliamka nikaona nimeshajua kila kitu cha pale na miguu ikaanza kuwasha. Kitale niliingia wakati malori ya mahindi yanapanga foleni ya siku tatu nne nje ya ghala la nafaka, na mbele ya foleni hiyo ndipo ilipokuwa hoteli ya Mama Njoki: chumba kimoja cha mabati, meza nne, na kuta zilizofunikwa kwa kalenda za kampuni za mbegu. Kalenda ya mwaka uliokwisha haikutolewa. Mpya ilipigiliwa misumari juu yake, hata pale penye dirisha zikawa nene kama godoro, na upepo wa asubuhi ulipopita miaka yote ilipeperuka kwa pamoja. Chai iliwekwa jikoni kabla ya jua. Mchana palikuwa na githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi, na Jumamosi supu ya mifupa iliyotiwa pilipili manga kutoka kwenye mkebe ambao Mama Njoki hakuruhusu mtu mwingine kuufungua.

Siku yangu ya kwanza ya kazi pale madereva na wapakiaji walikuwa wakigombana juu ya nani aliruka foleni, sauti juu, mtu mmoja amesimama tayari. Mama Njoki alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama mbele ya yule aliyesimama, dereva mnene mwenye njiti ya kibiriti mdomoni.

"Dere, hiyo njiti unaipenda sana?"

"Ni ya kutoa nyama kwa meno, Mama."

"Nipe." Akaifuta, akaiweka katikati ya kitambaa cheupe, akakikunja, akamshikisha dereva. "Sikia hapo. Iko?"

"Iko."

"Vunja." Ikalia *tik*. "Vunja tena. Wewe ni mwanaume ama ni nini?" Ikalia tena, na meza zote zikacheka. Kisha akakung'uta kitambaa na njiti ikaanguka, nzima, hata alama za meno bado ziko. Niliisikia supu ikichemka nyuma.

"Aii, Mama!" dereva akasema akikaa chini. "Na si wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ni kanisa gani ilikataza kibiriti?"

Ugomvi wa foleni uliisha hapo. Nami nilikuwa nimesimama na birika mkononi nikimimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kwa siku tisa nilimwomba anionyeshe, na kwa siku tisa alinijibu, "Osha vikombe." Siku ya kumi, tukiwa wawili tu, alinishika kidole akakipitisha kwenye pindo la kile kitambaa. Ndani ya pindo ilikuwa imelala njiti nyingine. Hiyo ndiyo iliyovunjwa. Ile ya dereva haikuguswa kamwe. Nilidhani nikijua siri nitaona aibu ya kudanganywa, kama mtu aliyeuziwa debe la mahindi lenye mawe chini. Haikuwa hivyo. Nilitazama lile pindo, upana wake haufiki kidole, nikafikiria chumba kizima cha watu wazima wenye macho yao mawili mawili, na mwili ukanisisimka. Sikuwahi kujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kubeba watu wengi hivyo.

Baada ya hapo alinifundisha moja baada ya nyingine, kama mtu anavyofundisha mapishi. Raba ya kufungia noti, inayoruka kutoka vidole viwili hadi viwili vingine ukikunjua ngumi. Yai linalozama kwenye glasi hii na kuelea kwenye ile, kwa sababu ile umeitia chumvi nyingi. Glasi ya maji iliyofunikwa kwa kipande cha kalenda na kupinduliwa, na maji yakakataa kumwagika. Hiyo ilinilowesha mara nyingi kabla sijaiweza. Nilipomuuliza alifunzwa na nani, kila mara alinipa jibu jipya: mara shemeji yake, mara msichana wa bweni moja, mara padri. Ya mwisho ilikuwa ya pilipili. Unatia maji kwenye sahani, unanyunyiza pilipili manga juu hadi maji yawe na vumbi jeusi, unamwambia mtu aguse katikati kwa kidole. Hakuna kinachotokea. Wewe ukigusa, pilipili zote zinakimbilia ukingoni kwa mara moja, kama kuku waliorushiwa jiwe. Ni sabuni tu, chembe ndogo uliyoipaka nchani mwa kidole mapema. Akifanya, Mama Njoki alisema, "Zinaniogopa kwa sababu zinajua zitaingia kwa supu," na watu walicheka hadi wakakohoa.

"Lakini kwa nini zinakimbia?" nilimuuliza.

"Si nimekwambia ni sabuni."

"Sabuni inafanya nini?"

"Haiya! Nafula, mimi nauza chai." Kisha akanitazama vizuri. "Wachekeshe. Usiwahi kuwaambia ni nguvu. Mtu akicheka amejua ni mchezo. Asipocheka, utamfanyia nini?"

Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa chuo alinieleza kwamba maji yana kitu kama ngozi juu yake, na sabuni huichana, na ngozi ikivutwa pembeni huondoka na kila kilichokaa juu. Nilimshukuru. Lakini nilimwona akieleza bila kutazama sahani, na nikamhurumia kidogo. Mimi nimeifanya mara mia kadhaa na bado kila mara pumzi hunikatika. Kujua hakujanipunguzia chochote. Wakati ule nilifikiri maajabu ni kitu kinachokaa upande wa asiyejua, na kwamba mwenye siri ndiye mkubwa wa chumba. Kosa langu la mwaka ule lilianzia hapo.

Miguu iliwasha mvua zilipoanza. Mama Njoki hakunizuia. Alinifungia pilipili kwenye karatasi ya kalenda, akanibariki kwa Kikuyu, nikashuka upande wa Bungoma hadi Chwele, ambako siku za soko watu huja kama maji. Nilipata kazi kwenye hoteli ya mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Tulikuwa wafanyakazi watatu. Jikoni alikuwa Papa Masika, mzee mkimya ambaye alisonga ugali kana kwamba anamkanda mgonjwa. Mimi nilihudumia meza. Na nyuma, uani, kwenye karai mbili za maji, alikuwa Metrine, anayeosha vyombo. Alinizidi miaka miwili, alikuwa na mtoto aliyemwacha kwa mama yake Lwakhakha, na alikuwa na kicheko kilichoanza kabla ya neno la kuchekesha kufika. Tulilala chumba kimoja nyuma ya stoo, kitanda kimoja, blanketi moja, na kila jioni tulikula ukoko wa ugali na mboga za kienyeji zilizobaki huku akinisimulia alivyosikia wateja wakisema kupitia ukuta wa mbao: nani anauza fahali mgonjwa, nani ameoa kisirisiri.

Nilimfanyia Metrine mchezo wa njiti, wa yai, wa sahani. Alishangaa hadi akaketi chini. "Nifundishe bana," aliniambia, si mara moja. "Mimi ni nani wako?" Nilimjibu, "Siri ya kazi." Nilipenda anavyonitazama. Ningemfundisha, ningekuwa msichana mwingine tu mwenye sahani.

Na mbele, kwa wateja, niliongeza chumvi yangu. Niligundua kwamba nikimshika mtu kidole ili nimwonyeshe pa kugusa, sabuni ya kidole changu inahamia kwake, na pilipili zinamkimbia *yeye*. Hapo nikaacha habari ya supu. Nikasema pilipili zangu zinamkimbia mwongo. "Una wake wangapi?" nilimuuliza mnunuzi wa vitunguu mbele ya meza sita. "Mmoja tu, Mungu ananiona." Nikamshika kidole. Zikakimbia. "Mmoja wa Chwele!" mtu alipiga kelele, na hoteli ikaangua kicheko. Siku za soko watu walisimama mlangoni. Waliniita dada wa sahani. Halafu, sikujua lini hasa, kicheko kikaanza kuchelewa. Mama mmoja alimleta jirani yake kwa habari ya kuku aliyepotea. Nilisema pilipili zimeisha. Waliondoka kwa heshima, wote wawili, wakiniaga kwa sauti ya chini kama wanatoka kanisani. Ningepaswa kuogopa. Badala yake nilienda kujitazama kwenye kioo cha stoo.

Kisha ikaja simu ya Simiyu. Simiyu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mrefu, koti la mvua hata kukiwa na jua, na simu yake ilikuwa kati ya chache pale sokoni. Kila siku ya soko aliileta ichajiwe kwenye rafu nyuma ya kaunta akienda kwenye mnada. Siku hiyo alirudi karibu saa sita na kuikuta waya inaning'inia tupu.

"Nimeweka hapa. Nimerudi hakuna," alisema. Hakupaza sauti. "Mwalimu, hapa nyuma hakuna mteja huwa anapita. Ni nyinyi wanne."

Mwalimu alianza kusema tutafute. Tulitafuta. Tuliinua magunia, tukatoa sufuria. Wakati huo habari ilikuwa imetoka nje, na vijana wa soko, wale wanaopakia ng'ombe, walishajaa mlangoni na fimbo zao za kazi. Wiki chache kabla walikuwa wamemkamata mtu na mbuzi asiye wake, na nilimwona mtu huyo akibebwa kwa toroli, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Kila mtu pale ndani aliukumbuka ule mguu.

"Simiyu, toa mmoja tu," kijana mmoja alisema kwa utulivu. "Wengine wataongea wenyewe."

"Ngoja," Simiyu akasema, akanigeukia, hasira ikizigeuza l zake kuwa r. "Huyu si ana sahani? Reta hiyo sahani, dada. Reo tutaona."

Mwalimu, mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, alinitazama kwa macho ya kuomba. "Nafula, lete. Iishe."

Nilifikiri haraka na nilijiona mwerevu. Nitanawa mikono vizuri, nisimshike mtu kidole, na pilipili hazitakimbia mtu yeyote. Wote wanne tutakuwa safi. Simiyu atakwenda kutafuta kwingine. Sikuona mahali popote mpango huo ungeweza kupasuka. Nikatia maji, nikafungua karatasi ya Mama Njoki, nikanyunyiza. Vijana waliingia ndani wakazunguka meza, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu akagusa. Pilipili zikatulia. Papa Masika akagusa kidole kilichokauka kwa moto, zikatulia. Nikagusa mimi, zikatulia. "Metrine!" Mwalimu akaita. Alitoka uani akikimbia, anajifuta mikono kwenye aproni, ameisikia habari ya simu kupitia ukuta lakini hajui bado kwamba anapimwa, akatutazama, akaitazama sahani, akatabasamu kidogo kwa sababu aliipenda sana ile sahani. Akaweka kidole.

Zilikimbia. Zilimkimbia kwa nguvu kuliko zilivyowahi kunikimbia mimi, zikajibandika ukingoni kote, na katikati maji yakabaki meupe, na kidole chake kimoja ndani yake. Sauti iliyotoka kwa wale watu haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi, wote kwa pamoja. Na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kwa sababu ndiyo maana ya kuandika haya yote: mimi, niliyenyunyiza pilipili kwa mkono wangu, niliyejua kila pindo la mchezo ule, nilimtazama Metrine usoni na kusema moyoni, *kumbe ni yeye*. Niliamini. Nywele zilinisimama. Nilikuwa mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi, na kilikuwa kimesema.

Kijana mmoja alimshika mkono. Ulipoinuka, niliona povu. Jeupe, dogo, kwenye kifundo chini ya mkono wa sweta, na kwenye kucha. Sabuni ya karai.

"Mwacheni!" Sikuitambua sauti yangu. "Ni sabuni! Alikuwa anaosha vyombo!"

"Sabuni gani sasa?" Simiyu aliuliza. "Ati sabuni inajua mwizi?"

"Haijui chochote. Nimewadanganya. Siku zote ni sabuni." Nilimwaga ile sahani sakafuni, nikatia maji mapya, nikanyunyiza pilipili zilizobaki kwa haraka hadi nyingine zikaanguka mezani. "Baba, kuja. Nawa kwa hiyo sabuni ya mlangoni, usisuuze sana. Halafu gusa wewe."

"Mimi ndiye nimeibiwa!"

"Gusa tu."

Alinawa kwenye debe ambalo wateja wote hunawia kabla ya kula, kwa kile kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Akarudi, akaniangalia kama mtu atakayenipiga baadaye, akagusa. Pilipili zilimkimbia Simiyu hadi ukingoni.

Kutoka mlangoni mtu akasema, "Kumbe umejiibia mwenyewe!" na kicheko kikapasuka. Sijawahi kusikia kicheko kizuri kama kile. Yule kijana aliuachia mkono wa Metrine ili naye apate nafasi ya kuona. "Hebu mimi." "Niachie, bana, nilikuwa wa kwanza." Walipanga foleni kwenye debe la kunawia, fimbo wameziegemeza ukutani. Niliwaonyesha wabadilishe maji kila mara, maana yakishaguswa na sabuni hayafanyi tena. Pilipili zilipoisha mtu alikimbia kununua nyingine. Mwalimu aligusa mara tano, na kila mara alisema "Lo!" kama mtoto. Walikuwa wameshajua siri, wote, na hawakupungukiwa hata kidogo. Waliinama juu ya sahani vichwa vikigusana, wakakawia, huku ng'ombe wa watu wakilia kule mnadani. Hakuna aliyeniita tena dada wa sahani.

Simu haikupatikana. Simiyu aliondoka akilaani soko zima kwa jumla, jambo ambalo soko linaweza kulibeba. Hadi leo sijui nani aliichukua.

Alasiri nilienda uani. Metrine alikuwa amerudi kwenye karai zake, vyombo vya siku nzima vimerundikana. Nilichutama upande wa pili, nikaanza kusuuza. Tuliosha rundo la kwanza lote.

"Ulijua ni sabuni," alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Ningejua mimi, ningesuuza."

"Ndiyo."

Alipitisha sufuria. Niliipokea. "Sasa mbona uliniangalia vile? Zilipokimbia. Mimi nilikuona, Nafula."

Ningeweza kusema nilishtuka. Nilikuwa nimezoea kupata la kusema. "Niliamini," nilimwambia. "Kidogo tu. Lakini niliamini."

Nilingoja anirushie maji, au ainuke aende. Alibaki ameshika kikombe, akikigeuza ndani ya povu polepole.

"Hata mimi," Metrine alisema. "Nilipoona zinanikimbia, nilianza kufikiria simu ya huyo mtu nimeificha wapi."